Wauaji Wawili Sebuleni kwa Mjomba

Vita vilikuwa bado kaskazini, lakini Kigali nayo ilikuwa haitulii. Nilikuwa najifunza ushonaji Nyamirambo, na Jumapili mchana nilikwenda kwa mjomba, aliyekuwa na deki ya video. Majirani walijaa sebuleni. Kaka yangu ndiye aliyetafsiri. Kiingereza chake alikiokota kwa madereva wa malori, na kilipokwama alijaza ya kwake.

Siku hiyo dereva mmoja alikuwa ameleta kanda tuliyoisubiri sana. Wauaji wawili tuliowajua kutoka filamu tofauti, bubu wa barakoa ya chuma na yule mchekaji mwenye mkasi, sasa walikuwa wanakutanishwa. Hata kabla haijaanza, watu walishagawanyika.

"Wewe uko upande gani?" jirani mmoja akaniuliza.

Nikasema sina upande. Akacheka, akasema lazima nichague. Alikuwa anatania, lakini swali hilohilo siku zile liliulizwa barabarani bila utani, nami nikashindwa kukaa vizuri kwenye kiti.

Wale wawili walipokabiliana tu, umeme ukakatika. Kisha tukasikia mlipuko kutoka upande wa kituo cha basi. Mjomba akafunga komeo, akasema hatoki mtu mpaka tujue kuna nini. Tulibaki gizani, nyuma ya mapazia. Jirani mjamzito aliyeketi karibu yangu alikuwa na mume wake huko kituoni. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi.

"Endelea," yule mjamzito akamwambia kaka. "Nani iko nashinda?"

Kaka hakuwa ameiona filamu ile. Akaendelea hivyohivyo.

"Wamepigana mpaka wamechoka. Bubu ameketi chini. Mwenzake naye ameketi."

Mtu akanung'unika kwamba wauaji hawachoki.

"Hawa wamechoka," kaka akasema.

Mume alifika baadaye, vumbi mwili mzima, lakini salama. Ilikuwa gurunedi, alisema, na watu wameumia. Mkewe alimpapasa mikono yote miwili.

Kesho yake umeme uliporudi, mimi na kaka tukaitazama sehemu iliyobaki. Mwenye mkasi alishinda, akabaki anacheka peke yake. Kaka akaizima kabla haijaisha, akairudisha kanda kwa dereva. Majirani walipomuuliza nani alishinda, alishikilia maneno yake yaleyale. Yule mjamzito alisema hata yeye alijua wangechoka.