Chonge Mbili

Mimi ni fundi cherehani hapa Arua, na kwa miaka yote ya kazi nimeshika pini kwa midomo mitupu. Wenzangu huzibana kwa meno ya pembeni, mteja anapimwa huku soga zikiendelea. Mimi sikuwa na meno ya kubania. Juu, kushoto na kulia, mahali pa chonge, palikuwa na mapengo mawili. Wenzangu walipong'oka meno ya utoto wakaota mengine. Kwangu, mahali hapo, hayakuota ya kwanza wala ya pili.

Shuleni Ediofe waliniita paka mzee. Nikajifunza kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, na nilipokua watu wakasema naringa. Mwanamume mmoja aliyekuwa akinichumbia aliniuliza mbona sicheki nikiwa naye. Nilimwambia hajasema la kuchekesha bado, na hilo nalo lilikuwa kweli. Hakurudi tena.

Nilidhani nilizaliwa hivyo. Ndivyo nilivyomwambia daktari wa meno, Mkongo aliyefungua kliniki mjini na kuanza kupandikiza meno, jambo ambalo zamani tulisikia linafanyika Kampala tu. Alinipiga picha ya eksirei, akaitazama kwa muda, kisha akanigeukia.

"Hii meno nani alitoa?"

"Hakuna aliyetoa. Mungu alinisahau."

"Mungu hapana sahau. Mutu alichimba hapa, wewe ukiwa mutoto mudogo sana. Ona mufupa, imebaki kidogo."

Nikaelewa palepale, maana nilikuwa nimeyaona yakifanywa kwa watoto wa majirani. Kichanga akiharisha na kuchemka homa, mtu mzima humfungua kinywa, akaona ufizi umevimba na ndani yake weupe kidogo. Weupe ule ni chonge zinazojiandaa kuota, kila mtoto anazo. Lakini kwetu husemwa ndio ugonjwa wenyewe. Tanzania nasikia wanayaita meno ya nailoni. Basi huitwa mama fulani mwenye spoki ya baiskeli iliyonolewa, akachimbua ufizi, akatoa vitu laini kama punje za mahindi mabichi, akawaonyesha wazazi. Mara nyingi mzizi wa jino la ukubwani huondoka navyo. Nilijua yote hayo. Sijui kwa nini sikuwahi kufikiri kwamba na mimi niliwahi kuwa mtoto wa mtu.

Jumapili nikaenda Koboko kwa mama. Mama ni mzaliwa wa upande wa Congo, na marehemu baba alikuwa askari, hivyo nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili, kile cha kambini. Nilimkuta ametoka kanisani, anachambua maharage. Nikamuuliza nani alinitoa chonge. Hakuacha hata kuchambua.

"Mimi nilipeleka wewe. Ulikuwa naharisha, macho imeingia ndani. Yule mama wa karibu na soko alitoa. Kesho yake ukanyonya."

Alisema kama mtu anayeeleza alikoninunulia viatu.

"Uliniharibu, Mama."

"Kaka yako mukubwa, hakuna mutu alitoa yeye meno. Iko wapi leo?"

Kaka huyo alikufa kwa kuharisha kabla mimi sijazaliwa. Kaburi lake liko nyuma ya jiko, na tangu utotoni tulikatazwa kulikanyaga. Yeye alizikwa na meno yake, mimi nikatolewa yangu nikabaki, na kwa mama hesabu ilikuwa imefungwa. Nilimweleza kwamba kuharisha hutokana na maji na uchafu, kwamba ningepona tu kwa kunyweshwa maji ya chumvi na sukari, ndivyo daktari alivyosema.

"Huyo daktari," mama akauliza, "alikuwa hapa siku ile?"

Nilirudi Arua nina hasira isiyokuwa na pa kukaa. Ukimkasirikia mtu aliyekutesa, unajua la kufanya. Huyu alinitesa akilia, akiwa na kaburi bichi nyuma ya jiko.

Kazi ya meno ilikuwa ndefu. Kwanza daktari aliniongezea mfupa, maana skrubu haikuwa na pa kushika. Tukasubiri. Kisha akanichoma ganzi, akapekecha taya, akazamisha skrubu mbili, akanishona. Tukasubiri tena mpaka mfupa uzishike. Wateja walinikuta nimevimba shavu wakadhani nimepigwa, na mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeolewa. Mwishowe daktari akafunga meno yenyewe juu ya skrubu, akanipa kioo. Nilitazama, nikalia, nikamkasirikia mama upya, maana nilikuwa mzuri. Miaka yote ile nilikuwa mzuri, na sikuambiwa.

Wakati huo mdogo wangu, anayeishi na mama, alikuwa amejifungua msichana. Nikaenda kumwona, na nia yangu haikuwa kumwona tu. Nilitaka waone kinywa changu. Nilitaka waone ilivyogharimu uchungu kurudisha kilichotolewa kwa dakika moja, ili mtoto huyu aachwe na chonge zake. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, kuliko hata furaha ya meno.

Mama alifurahi kupita kiasi. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku, akagonga jino kwa ukucha. Alinipeleka kwa majirani, nyumba kwa nyumba. "Fungua mudomo," aliniambia kila tulipofika. "Ona, iko na nguvu, inakula hata nyama. Wanapanda kama muhogo." Nikawafungulia wote. Nikawaeleza kuhusu kuchimbwa, ganzi, nyuzi, uvimbe. Walisikiliza wakitazama meno.

Kabla ya kuondoka nilimketisha mdogo wangu. Nikamwachia pakiti za dawa ya chumvi na sukari, ile ya kukorogwa na maji yaliyochemshwa. Nikamwambia mtoto akiharisha ampe hiyo, ampeleke kituo cha afya, na mtu yeyote mwenye spoki asimguse. Akaniahidi. Namjua mdogo wangu, si mwongo.

Mvua zilipoanza akanipigia simu. Mtoto anaharisha tangu jana, nifanye nini. Nikamwambia akoroge dawa, ampe kidogo kidogo kwa kijiko, wakati huohuo aende kituoni, na mimi niko njiani. Niliacha gauni la bibi harusi kwenye cherehani, sindano ikiwa bado kitambaani.

Nilipofika Koboko mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, akipumua vizuri. Juu ya meza zilikuwepo pakiti za dawa, tupu. Alikuwa amekunywa zote. Kituoni walikuwa wameenda pia, wakaambiwa waendelee hivyohivyo, maji hayajampungua sana. Nikakaa chini, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mtoto akaamka, akafungua kinywa kutaka kulia. Ufizi wa juu, kushoto na kulia, ulikuwa na mashimo mawili yenye damu iliyoganda.

Nilimtazama mdogo wangu. Naye akatazama sakafu.

"Uliniahidi."

"Dada, dawa nilimupa. Kituoni nilienda. Lakini mama alisema tusicheze na maisha."

"Imepona," mama akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika kitambaa kilichokunjwa, akakifungua kunionyesha zile punje mbili, akiwa na fahari ya mtu aliyeshinda vita. "Asubuhi ametolewa, sasa ananyonya. Umeona mwenyewe."

Nilimwambia kilichomponya ni zile pakiti. Nilimwambia kwa sauti ambayo binti hapaswi kumtolea mama yake, na mtoto akaanza kulia kweli. Mama hakunijibu kwa hasira. Alikuja akakaa kando yangu, akaweka mkono gotini pangu, mpole kabisa, kama anayembembeleza mgonjwa.

"Mutoto yangu, zamani ningekubali unilaumu. Zamani pengo ilikuwa pengo. Mimi mwenyewe safari hii niliogopa, nikasema binti yangu atalia. Halafu nikakumbuka meno yako." Akatabasamu. "Akikua utapeleka yeye kwa daktari yako, atapanda. Hata hao majirani wanasema sasa hakuna tena shida ya kutoa."

Mdogo wangu aliniletea mtoto nimpokee. Nilimpokea, nikainua mkono nikaziba mdomo wangu kwa kiganja.