Shahidi wa Jina la Amisa

Mwanvua alizuiwa mlangoni huku sauti yake mwenyewe ikiimba ndani.

Ilikuwa Jumapili alasiri mjini Kasongo, katika ua wa shule uliozungushiwa turubai za buluu kwa ajili ya tamasha. Mlinzi aliyeshika orodha ya wasanii aliitazama karatasi, akamtazama binti, kisha akairudia karatasi.

"Amisa wa Wamaza amekwisha ingia, dada. Si unamusikia? Njo huyu iko naimba."

"Amisa ni miye."

"Hata mi napenda kuwa Amisa," mlinzi akajibu, na wenzake wakacheka. "Simama kule, upishe wenye tikiti."

Pembeni mwa binti alisimama Honorine, na kicheko kile kilimchoma kuliko kilivyomchoma mwenyewe aliyechekwa. Kwa miaka mitano orodha ile ilikuwa ikiandikwa kwa mkono wake. Alisogeza turubai, akachungulia. Jukwaani alikuwa Sarah-Grâce, binti aliyekuwa akicheza dansi nyuma ya Mwanvua. Alikuwa amevaa gauni la Mwanvua, amefunga kilemba cha Mwanvua, na midomo yake ilikuwa ikifuata sauti ya Mwanvua iliyotoka katika mashine. Kipaza sauti mkononi mwake hakikuwa hata na waya. Watu walishangilia, "Amisa! Amisa!"

Ili kuelewa dhuluma hii, yafaa kujua Honorine ni nani. Ni binti wa mwalimu wa Kasongo, aliyemaliza sekondari na kufundisha mwaka mmoja, kabla ya kuungana na Radjabu, kijana wa mtaani kwao, kuunda kampuni ya muziki. Walianza na jenereta moja, spika mbili na chumba nyuma ya duka la dawa. Radjabu alikuwa mkurugenzi. Alikaa mjini, akavaa koti, akapatana na wakubwa. Honorine ndiye aliyekwenda. Alikwenda Nyangwe kupanga tamasha la wavuvi, akaenda Lusangi kwa wachimba dhahabu ambao hawamsikilizi mwimbaji asipoimba kwa kilugha cha kwao. Mwaka ule daraja lilipovunjika njiani kuelekea Kabambare, alijitwika spika kichwani akavuka mto, maji yakimfika kifuani. Tangu siku hiyo wanamuziki humwita Mama Bafle, yaani Mama Spika.

Ni yeye aliyempata Mwanvua huko Wamaza. Alimsikia akiimba shambani, wakipanda mpunga, akasimamisha pikipiki. Lakini Wamaza mtu hachukui sauti kama anavyookota embe lililoanguka. Wimbo ule ulikuwa wa bibi yake Mwanvua, marehemu Amisa, aliyekuwa akiongoza nyimbo katika harusi na matanga ya upande ule wote. Na Mwanvua alikuwa amerithishwa jina hilo. Katika ukoo wao, anayepewa jina la marehemu hupakwa udongo mweupe mbele ya ndugu, na toka siku hiyo huheshimiwa kama marehemu mwenyewe. Ndiyo maana mama yake Mwanvua, mjane mwenye mikono migumu ya jembe, alimwita bintiye "mama", bila mzaha.

Honorine alirudi mara tatu kuomba. Mara ya kwanza alipewa kiti, kama wanavyopewa wageni wote: wapima ardhi, wanunuzi wa dhahabu, watu wa kampeni. Mara ya tatu Mama Mwanvua aliondoa kiti, akatandika mkeka, akasema, "Keti hapa nilipo." Kuketi mkekani pale ni kuwa mtoto wa nyumba. Hapo ndipo Honorine alipoahidi mambo mawili: jina la Amisa halitatoka kwa binti huyu, na nyumbani kukiwa na matanga, ataachwa aje kulia na wenzake mpaka arobaini iishe.

Mkataba uliletwa baadaye, kurasa sita za Kifaransa. Radjabu aliukabidhi kwa Honorine asubuhi, pikipiki ikinguruma tayari.

"Ni ile ile ya wasanii wengine," alisema. "Na yale ya mama yule nimetia yote. Wewe unaniogopa miye, Honorine? Tumekula chungu kimoja."

Basi kule Wamaza, mbele ya mama na binti, Honorine alifungua karatasi na kutafsiri. Na hapa ndipo kosa lake lilipo, nami sitalifunika eti kwa kuwa nampenda: hakutafsiri yaliyoandikwa, alitafsiri aliyoambiwa. Macho yake yalikuwa kwenye ukurasa, lakini mdomo ulikuwa ukisema maneno ya Radjabu. Mwanvua aliandika jina lake polepole, mama akatia kidole gumba, na Honorine akatia sahihi chini kabisa, palipoandikwa shahidi.

Miaka miwili ilipita vizuri. Kisha baba mdogo wa Mwanvua, aliyemlea, akafariki. Honorine alimpeleka binti nyumbani mwenyewe, akarudi kumwambia Radjabu kwamba hakuna kuimba mpaka arobaini. Radjabu aliitikia kwa kichwa. Siku ya arobaini na mbili, Mwanvua alifika Kasongo pamoja na Honorine aliyekwenda kumchukua, na mlinzi akamwambia kwamba Amisa amekwisha ingia.

Honorine alimkuta Radjabu nyuma ya jukwaa, akinywa soda.

"Radjabu, nani huyu?"

"Amisa."

"Amisa iko mlangoni, walinzi wanamucheka."

"Dada yangu, punguza sauti. Watu wanapenda wimbo, nani anauliza pua ya mwimbaji? Huyu hana matanga, hana mama wa kuomba ruhusa, hana kijiji. Nikimwita anakuja. Tamasha haliwezi kungoja maiti ioze."

"Tuliahidi."

"Wewe uliahidi." Alitoa mkataba katika mkoba, kana kwamba alijua utahitajika. "Kifungu cha kumi na moja. Soma kwa sauti, mwalimu."

Alisoma, safari hii kwa macho yake. Jina la kisanii, sura na sauti ni mali ya kampuni kwa miaka kumi, na kampuni inaweza kumpa jina hilo msanii yeyote. Chini palikuwa na mhuri wa ofisi ya utamaduni. Chini ya mhuri, sahihi yake.

"Shahidi ni nani hapo?" Radjabu akauliza kwa upole unaoudhi kuliko tusi. "Tulia, Mama Bafle. Yule tutamtafutia jina lingine. Mwezi ujao tunakwenda Kindu, nani atapanga safari kama si wewe?"

Honorine alimrudishia karatasi. Alitoka, akamshika Mwanvua mkono, na kesho yake wakaondoka. Siku mbili za pikipiki na mguu, na walipovuka ule mto wa daraja lililovunjika binti akauliza: "Mama Bafle, ulikuwa unajua?"

"Hapana. Lakini ningeweza kujua."

Huko Wamaza, Mama Mwanvua alisikiliza mpaka mwisho. Mkeka ulikuwa umeviringishwa ukutani, pale pale pa siku zote. Alipita mbele yake, akaingia ndani, akatoka na kiti. Akakiweka, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Keti, mama mgeni," alisema. "Sikukupa binti. Nilikukabidhi mama yangu."

Honorine aliketi kwenye kile kiti. Anasema hakuna mzigo aliowahi kubeba, si spika wala jenereta, uliokuwa mzito kama kukaa pale.

Tangu hapo hajakwenda Kindu. Aliandika barua, akaibandika kwenye mlango wa kampuni aliyoianzisha kwa mikono yake, na nakala akaipeleka katika ofisi ile ya mhuri, ambako karani aliisoma, akacheka, akaiweka chini ya nyingine. Kwa kuwa imelazwa chini, ninaiweka hapa juu, jinsi alivyoiandika:

"Mimi Honorine, niliyetia sahihi kama shahidi, nautangua ushahidi wangu. Nilishuhudia nisichokisoma, na aibu hiyo ni yangu, nitaibeba. Iliyobaki ni yenu. Ninyi wa ofisi, mliogonga mhuri bila kuuliza kama mwenye kidole kile alisomewa kifungu cha kumi na moja: ondoeni mhuri wenu, na tangu leo msigonge mwingine kabla maandishi hayajasomwa kwa lugha ya nyumba inayotia kidole. Nawe Radjabu: zima mashine. Toa jina la Amisa katika kinywa cha asiyepakwa udongo. Kisha njoo Wamaza wewe mwenyewe, bila kumtuma mtu. Kiti kiko uani, ni kile kile nilichokalia mimi. Keti, umtazame mama yule usoni, na umrudishie mama yake."