Nilivyowawashia Taa Wapima Mwendo

Mie nina hasira za karibu, na barabara ya kwetu Segerea ilizimaliza zote. Mama yangu huvuka pale kila asubuhi kwenda mazoezi ya kwaya, magoti mabovu, na hataki kushikwa mkono. Siku moja bodaboda ilimpitia karibu mpaka kandambili moja ikabaki katikati ya lami. Akarudi nyumbani mguu mmoja peku, akatangaza kwaya basi tena. Mama yangu, sauti ya kwanza miaka yote hiyo!

Nikaenda ofisi ya barabara kudai kibao cha spidi thelathini. Mhandisi, kijana mpole wa kuudhi, alinipa kiti akanieleza kuwa spidi haipangwi kwa hasira za mtu. Wanatazama upana wa barabara, kona, maduka yaliyosogelea lami, na watu wanaovuka, halafu wanakuja kupima magari yanakwendaje siku ya kawaida. Ndiyo maana barabara hiyohiyo hapa ni hamsini, shuleni thelathini, na ikishaacha nyumba inapanda. Nikamwambia waje tu, kwetu watu wanaendesha kama wameacha maziwa jikoni.

Wakaja Jumanne, wawili, na vizibao vya reflekta na kifaa chao cha miguu mitatu. Mie natoka zangu sokoni Mabibo, gari limejaa ndizi. Nakunja kona, naona reflekta, naona kifaa. Sasa wewe unayeendesha Dar, niambie ungefanya nini. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye taa: washa, zima, washa, zima, jamani tochi ya trafiki mbele! Niliyepishana naye akampa ishara mwenzake, na mwenzake akampa mwingine. Ndivyo tunavyopendana barabarani, mtu humjui lakini hutaki apigwe faini. Nilipofika nyumbani, bodaboda wote wa kituoni walikuwa wameshaambizana kwenye simu.

Mchana kutwa barabara ilitambaa. Yule bodaboda wa kandambili ya mama alipita polepole, kofia kichwani, akiamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Lori la mchanga lilisimama kumpisha kuku.

Nilikuwa namenya ndizi akili iliponirudia. Nilikaa chini palepale jikoni, kisu mkononi, nikajitukana kwa sauti.

Wiki iliyofuata mhandisi alinipigia akiwa na furaha. Alisema hajawahi kuona mtaa wenye nidhamu kama wetu, na kwa vipimo vile kibao cha thelathini hakina sababu. Sikuwa na uso wa kumwambia ukweli. Nilimwambia mama, na nilitegemea anigombeze. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, halafu akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo wakiona reflekta wanapunguza?"

Kesho yake alinituma duka la vifaa vya ujenzi. Tangu hapo mama anavuka na kizibao cha reflekta juu ya gauni la kwaya, mwavuli ameukunja, ameuelekeza kwenye magari kama anayapima. Hakuna anayethubutu kukimbia. Amerudi sauti ya kwanza.

Mhandisi nilimfuata baadaye nikamwambia yote, na ameahidi kuja kupima upya bila kuniambia siku. Naogopa hatafanikiwa. Jana asubuhi nilikunja kona, nikaona reflekta kwa mbali, na nikawa nimeshawasha taa mara mbili kabla sijatambua kuwa ni mama.