Aliyemkataa Mbuzi

Ndaki wa Samuye alizaliwa mbishi. Wanasema alipotoka tumboni mkunga alimpiga kofi alie, naye akamkodolea macho tu mpaka mkunga akaanza kulia yeye. Alipokuwa akichunga ng'ombe, dume la baba yake, lenye pembe pana kama mlango wa ghala, halikuvuka mto kabla ya kumtazama usoni kuomba ruhusa. Asiyeamini aende Samuye akaulize. Dume lilishaliwa, lakini pembe zipo.

Mtu wa namna hiyo akiokoka, shetani anahama wilaya. Ndaki akaokoka, akawa mwinjilisti, na kanisa likamtuma machimboni, upande wa Geita, kwenye vibanda vya maturubai na watu waliosahau siku za juma. Akajenga kanisa la mabanzi. Waumini walikuwa kumi na wanane, ukijumlisha na wanaosinzia. Mpiga ngoma wao alikuwa Wiliam, mchimbaji, mume wa Loveness. Ndaki ndiye aliyembatiza, ndiye aliyewafungisha ndoa.

Sasa, machimboni kuna mila. Duara jipya, yaani shimo la kushukia kutafuta dhahabu, halishukwi mpaka limenyweshwa damu ya mbuzi mweusi. Mwigulu, mwenye duara, alipomleta mbuzi wake, mweusi hata kivuli chake kilimwogopa, Ndaki alisimama mdomoni mwa shimo akatanua mikono.

"Mwanakondoo alishachinjwa, mara moja, yatosha. Watu wangu hawashuki kwenye shimo la kafara."

Mwigulu akacheka mpaka akajishika mbavu. "Haya, Baba Mwinjilisti. Mbuzi amepona, na akushukuru. Lakini duara likidai, litakudai wewe."

"Na lidai."

Alilitema neno hilo kama mtu anavyotema mbegu ya tikiti, bila kutazama inaangukia wapi.

Miezi minne duara lilitulia. Kisha mvua ikanyesha siku sita mfululizo, mvua ya kuosha mpaka dhambi za waliolala. Ndaki aliyaona matimba, magogo yale ya kuzuia kuta za shimo, yameanza kuota uyoga. Alimwambia Mwigulu ayabadilishe. Mwigulu akasema kesho. Asubuhi ya siku ya saba duara likaporomoka, na Wiliam yumo ndani.

Watu walichimba, udongo ukarudi. Wakachimba tena, ukarudi tena. Chini kabisa mlisikika mgongo wa nyundo ukigonga mwamba, na Ndaki aliyelala kifudifudi na sikio ardhini akautambua mdundo: ulikuwa ule wa ngoma ya Jumapili, wa kuingilia ibadani. Akataka kushuka yeye mwenyewe. Wachimbaji wakamtazama tumbo. "Baba, hilo litaziba hata hewa iliyobaki." Basi akavuta kamba ya ndoo, mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba.

Mchana Mwigulu akarudi kutoka kwa mganga, na mbuzi yuleyule nyuma yake.

"Mganga kasema aliyemkataa mbuzi ndiye amzungushe duara mara tatu, kwa mkono wake. Kisha mbuzi achinjwe."

Wachimbaji waliposikia, wakaweka makoleo chini, wakakaa. Wote. Hata wale wawili wa kwaya.

"Ni matimba!" Ndaki akapaza sauti. "Yameoza, niliwaambia!"

"Yameoza kwa sababu ya nani?" mmoja akamjibu, bila kuinuka.

Loveness alikuwa amesimama mbali, pale mwanamke anapozuiwa asisogelee duara. Alipaza sauti kutoka hukohuko. "Baba, mimi naomba, na naamini. Lakini hawa hawashuki!" Hakusema neno lolote kuhusu mbuzi.

Chini, nyundo iligonga mara tatu, ikapumzika muda mrefu.

Ndaki akaichukua kamba ya mbuzi. Akavuta hatua mbili, mbuzi akakaa kwenye tope kama bibi harusi aliyegoma. Mtu akapiga kelele, "Hata mbuzi kamkataa!" na wakacheka, kicheko cha watu wenye hofu. Ndaki akainama, akambeba mabegani, miguu miwili huku, miwili huku, sawasawa na ile picha ya mchungaji mwema iliyotundikwa kanisani kwake. Mbuzi akamkojolea mgongoni. Mzunguko wa kwanza alijaribu kuomba, midomo ikagoma. Wa pili alihesabu hatua tu. Wa tatu hakusikia tena nyundo, akakaza mwendo, akateleza, akainuka.

Mbuzi akachinjwa. Wachimbaji wakashuka. Jua likiwa bado juu ya vibanda, Wiliam akatolewa, mwili ungali na joto, nyundo mkononi.

"Angemtoa mbuzi mapema," machimbo yote yakasema.

Wazee wa kanisa walifika kesho yake, wakakaa kwenye benchi la mbele.

"Ulimzungusha, hukumzungusha?"

"Nilimzungusha."

"Walikulazimisha kwa nguvu?"

Wazee walimpenda; waliuliza polepole, wakamwachia mlango wazi. Ndaki akatazama viganja vyake.

"Hapana. Niliona watu wamekaa."

Wakamsimamisha utumishi. Asihubiri, asibatize, asizike.

Wiliam alizikwa kwao Tinde, na ibada aliiongoza mwinjilisti mgeni ambaye jina la marehemu alilisoma kwenye karatasi. Ndaki alisimama na wanaume wenye makoleo. Jeneza lilipofika chini, Loveness akainua kichwa.

"Baba Mwinjilisti yuko wapi? Amwombee mtu wake. Neno moja tu."

Watu wote wakamgeukia Ndaki. Akafungua mdomo. Mzee wa kanisa akakohoa, taratibu, akitazama chini.

Ndaki akafunga mdomo, akajaza koleo. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi, umelowa. Aliugeuzia kaburini ukang'ang'ania chuma, haukuanguka. Ikambidi apige magoti aubandue kwa vidole.