Pipa langu la kuvulia limebeba mama mkwe

Leo nimeburuta mama mkwe kwa matope, na amefurahi.

Mnajua lile pipa la plastiki nililopasua katikati, nikafunga kamba ndefu, niwe naburuta nyavu na samaki huku kwa kinamasi? Leo ndio nimelijaribu. Linateleza kama sabuni.

Narudi na samaki wawili, kamongo, napata mama mkwe amekwama hadi magotini.

Na sisi Wasamia, hakuna kugusa mama mkwe. Hata mkono.

Nikasukuma pipa hadi karibu yake, nikampa mgongo. Akaketi na kamongo wangu. Nikavuta bila kuangalia nyuma.

Tukafika pakavu. Halafu nikamsikia:

"Baba, hii kitu ni nzuri. Lakini weka kiti."

Mbao nimeshapata. Nipake rangi gani?