Wa Nne kati ya Arobaini

Bi Verna Kubicek alifundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili katika mji uleule wa pamba, magharibi ya Texas, na tangu amzike mumewe hakuna aliyewahi kumwona na kola isiyopigwa pasi. Watoto wake watatu waliingia chuo kikuu cha jimbo bila kuulizwa swali, kwa sababu sheria iliwafungulia mlango wote waliomaliza shule katika kumi bora ya kila mia. Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu wake, Marlys. Darasa lao lilikuwa na wanafunzi arobaini, kwa hiyo mlango ulikuwa wa wanne. Marlys alikuwa wa nne.

Mmoja wa hao arobaini alikuwa amekufa. Coy Pruitt aligongwa na treni mwezi wa Mei, na mji ukakubaliana jina lake libaki daftarini hadi mahafali ya mwaka uliofuata. Bi Verna ndiye aliyetoa hoja hiyo, na watu wakamsifu kwa huruma yake. Hakumwambia mtu kwamba alikwisha kupiga hesabu: wakibaki thelathini na tisa, mlango ni wa watatu, maana shule yao haikuhesabu kipande cha mtu.

Mwezi wa Septemba, orodha ya nafasi za darasa ilipoletwa kwenye kamati ya ufadhili, ambamo Bi Verna alikuwa mjumbe, Coy alikuwa wa thelathini na moja, palepale alipokuwa siku aliyokufa. Oktoba alikuwa wa ishirini na mbili. Bi Verna alidhani kompyuta imekosea. Novemba alikuwa wa tisa. Wajumbe wengine walitafuta majina ya watoto wao tu, kisha wakarudi kwenye kahawa na maandazi ya kolache yenye plamu. Mmoja wao, muuza matrekta, alimtania Bi Verna kwamba anaikodolea macho karatasi ile kama wosia wa tajiri.

Desemba Coy alikuwa wa tano.

Orodha ya mwisho ingekwenda chuoni Januari. Akilalamika, jina lingefutwa na Marlys angebaki nje. Akinyamaza, maiti ingempita mjukuu wake. Ukoo wa Kubicek haukuwahi kukataliwa na mtu. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa mtunza kumbukumbu wa shule, Oleta Pruitt, mwanafunzi wake wa zamani na mama yake Coy.

Oleta hakukana neno.

"Amebadilika sana, mwalimu. Siku hizi hata simu haigusi. Ni kusoma tu."

"Oleta, mwanangu, nani anafanya hiyo mitihani?"

"Si yeye mwenyewe? Au unadhani ni mimi? Wewe si ndiye ulikuwa unanipa alama arobaini kwenye kila insha?" Akacheka kidogo.

Bi Verna alimweleza taratibu anachotaka. Oleta alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani abaki, ila asimpite Marlys."

"Ndiyo."

Oleta alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi mbili. "Imebaki alama ya insha. Mimi siwezi kumnyima mtoto wangu. Mnyime wewe."

Kichwa cha insha kilikuwa "Nitakachofanya Mwaka Ujao." Mwandiko ulilalia kushoto, na Bi Verna aliujua, kwa kuwa alikuwa akimfundisha Coy jikoni kwake kila Jumamosi. Haukuwa wa Oleta. Wa Oleta aliusahihisha miaka minne. Ilikuwa insha nzuri, nzuri kuliko zote alizosoma tangu astaafu. Alipopitisha kidole juu yake, penseli ilimpaka weusi, kama imeandikwa sasa hivi.

Alichukua kalamu nyekundu, akaandika juu: 55. Mkono wake ulitulia kabisa.

Oleta hakuitazama alama. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la mgeni wake.

"Pole, baba," alisema kwa upole. "Nilikwambia huyu mwalimu mgumu."

Bi Verna alitia sahihi, wala hakugeuka.