Kalunde Aliyekimbia

Kila asubuhi, kabla ya kupepeta ndengu zake, Kalunde wa Kanyangi husikiliza kipindi cha michezo redioni. Mtangazaji hutaja wanariadha waliozaliwa siku kama ya leo na walioshinda siku kama ya leo, akiwapongeza wachezaji wa Ulaya kana kwamba ni shemeji zake. Hayo Kalunde aliyavumilia. Alichokataa kuvumilia ni tangazo la Jumatatu: kesho kipindi kingerushwa kutoka uwanja wa soko, kuadhimisha siku ambayo binti wa Kanyangi alishinda mbio za taifa za mita elfu tatu. Mgeni wa heshima angekuwa “bingwa mwenyewe, Kalunde, kutoka Kitui mjini.”

Huyo wa mjini ni binti wa baba yake mdogo, Ndolo. Ndolo na marehemu Mwau, baba wa Kalunde wa Kanyangi, walikuwa ndugu, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama ilivyo desturi. Wasichana wote wawili waliitwa “mwaitu”, yaani mama yetu. Wa Mwau alikimbia. Wa Ndolo hakuwahi kukimbia hata mvua. Lakini watu wa mjini walipomuuliza kama ndiye yule bingwa, alitabasamu, na tabasamu likampatia kiti cha mbele kila sherehe. Wizi ni wizi, hata ukifanywa kwa meno meupe.

Jioni hiyo Kalunde alimwendea Ndolo, mzee wa kanisa.

“Baba mdogo, mwambie binti yako asije kesho.”

“Mwaitu, hasira za nini? Linaloheshimiwa ni jina la nyanya yenu.”

“Nyanya hakukimbia!”

“Punguza sauti. Ukimtukana mwenzako, umemtukana nyanya.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomziba mdomo miaka yote. Angemlaani vipi mtu anayeitwa jina lake yeye, na la bibi aliyemlea?

Kesho yake uwanja ulijaa. “Siku kama ya leo,” mtangazaji alinguruma, “Kalunde aliiletea Kanyangi medali! Kalunde, simama!”

Wa mjini alisimama, akapunga mkono, akapokea kikombe. Wa Kanyangi naye akasimama, miguu ikiwa na vumbi.

“Mama, tumeita Kalunde mmoja tu,” mtangazaji alisema. Watu wakacheka.

“Pengine anataka picha!” mtu akapaza sauti.

Kalunde hakumtukana yeyote. Alimgeukia Ndolo. “Baba mdogo, wewe ni mzee wa kanisa. Siku ile nilipotoka mbioni, ulimbeba nani mabegani kutoka barabarani hadi nyumbani?”

Ndolo alitazama viatu vyake. Binti yake alimnong’oneza, “Baba, nyamaza.” Pengine hilo ndilo lililomwinua.

“Nilimbeba huyu,” alisema, akimwonyesha Kalunde wa Kanyangi. “Wa kaka yangu.”

Kicheko kilikatika. Wa mjini alimnyooshea kikombe bila kumtazama, lakini Kalunde hakukigusa. Akamwambia mtangazaji, “Soma tena.”

“Mama, muda wa kipindi—”

“Uongo ulipata muda. Soma tena.”

Mtangazaji akasogeza kipaza sauti. “Siku kama ya leo,” alisema polepole, “Kalunde, binti wa Mwau...”

Hapo ndipo Kalunde alipoketi.